Kifungu cha Tisa

Kwa mara ya tatu asubuhi ile wakili alikikata kwa mstari kifungu cha tisa, na kwa mara ya tatu mchoraji akakataa kusaini.

"Kisomwe tena," mchoraji alisema. "Mkataba wote."

Karani alishusha pumzi, akasoma kutoka kwenye kompyuta yake. Picha ya mtoto itabaki mali ya mama aliyeichora. Kampuni ya biskuti inapewa leseni ya kuichapa kwenye pakiti zake kwa miaka kumi, na itamlipa mrabaha kwa kila pakiti itakayouzwa. Na hicho cha tisa: kila mwaka mchoraji ataleta picha mpya, mtoto akiwa amekua kwa mwaka mmoja, na kampuni itaichapa hiyo. Kuanzia mwaka wa pili mtoto atachorwa bila kofia, kovu lake likionekana.

Picha yenyewe ilikuwa katikati ya meza. Mvulana wa miaka saba hivi, biskuti mdomoni, kofia ya sufu imevutwa hadi kufunika masikio, macho ya mtu aliyefumaniwa jikoni. Mkurugenzi wa kampuni aliiona mara moja tu, akasema anaitaka, na iwe mitamboni kabla ya Ijumaa. Kazi ya wakili ilikuwa kuipata.

"Mama," wakili alisema kwa upole wa mtu anayelipwa kwa saa, "miaka kumi ijayo tutakuwa tunauza biskuti za watoto zenye picha ya kijana anayeota ndevu."

"Zitampendeza."

Karani alicheka, akakigeuza kicheko kikohozi. Alikuwa ameviona viatu vya mwanamke yule, kimoja soli yake imeshikiliwa kwa waya. Akainama upande wake. "Dada yangu, saini. Mrabaha huu utakujengea nyumba. Kifungu hakiliwi."

"Mrabaha upunguzeni," mchoraji akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Mkitaka, ufuteni. Cha tisa kibaki. Kisipokuwepo, naondoka na picha yangu."

"Liandike hilo," wakili alimwambia karani.

Ndivyo ofisi ile ilivyofanya kazi. Kila neno la majadiliano lilichapwa kama lilivyotamkwa, na mwisho wa kikao wakili aligonga mhuri, akatia saini, na kila upande ukapewa nakala. Mteja mmoja aliwahi kumruka kimanga mbele ya hakimu, akakana aliyoyasema, na tangu siku hiyo wakili hakuamini maneno yasiyo na karatasi.

Simu ya mezani ikalia. Karani akaipokea, akaiziba kwa kiganja.

"Bosi, ni mwalimu wa mwanao. Darasa lao linakwenda kuogelea leo. Anauliza na yeye aende?"

"Haogelei. Ana mafua. Akae kivulini na kofia yake."

"Ana mafua, mwalimu," karani akasema kwenye simu. "Ndiyo. Tena."

Mchoraji alikuwa akiitazama picha yake. Alinyoosha kidole, akafuta kijivumbi kilichotua shavuni mwa mtoto.

"Tukutane katikati," wakili akasema. "Mtoto akue, sawa, nitamshawishi mkurugenzi. Ila kofia abaki nayo."

"Kofia itoke."

"Mama, watu hununua kinachopendeza macho. Kovu la nini kwenye biskuti?"

"Ni lake. Amelibeba yeye, na pakiti italibeba."

"Ni mtoto wa kuchorwa huyu. Unaweza kumfuta kovu kwa raba."

"Jaribu wewe," mchoraji akasema, na akamsogezea raba.

Wakili hakuigusa. Akalegeza tai. Kalamu aliyokuwa akiizungusha ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza, naye hakuifuata.

"Andika," akamwambia karani, na safari hii maneno yakatoka yakisukumana. "Kampuni inakubali mtoto akue. Inakataa kabisa kofia ivuliwe. Hakuna mzazi atakayemnunulia mwanawe biskuti zenye picha ya mtoto aliyeunguzwa na pasi nyuma ya sikio. Huo ndio msimamo wetu wa mwisho. Chapa, tumalize."

Karani akachapa. Vidole vyake vilisita kidogo katikati ya sentensi, kisha vikaendelea.

"Naomba nakala yangu," mchoraji akasema taratibu.

Wakili akaona amemshinda. Akasaini, akagonga mhuri, akamsukumia karatasi. Mchoraji aliisoma yote, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipofika wa mwisho kidole kikasimama hapo muda mrefu. Kisha akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Akainyanyua na picha kutoka mezani.

"Na leseni je?" wakili akauliza. "Hujaisaini."

"Siihitaji tena." Akaikumbatia picha. "Mwanangu aliniponyoka mkononi sokoni akiwa na miaka mitatu. Huu ni mwaka wa nne. Nilitaka uso wake uingie kila nyumba. Kampuni sita zilikikataa kifungu hiki kabla yenu, na zote sita ziliniuliza kwanza kovu liko wapi, na lilitokana na nini. Wewe hukuuliza."

Simu ikalia tena. Wakili akaikimbilia, lakini karani alimtangulia. Akasikiliza. Akamtazama bosi wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akainyoosha simu juu ya meza, akampita wakili, hadi kwa mchoraji.

"Ni shuleni," akasema. "Wanamtaka mzazi."