Balozi wa Burundi

Kura ilipoitishwa, Ishimwe alikuwa bado ameshika kibendera cha karatasi cha Burundi.

Katika mdahalo ule wa wanafunzi pale Ujiji, kila msemaji aliokota kikaratasi chenye jina la nchi ya kuitetea. Yeye aliokota nchi aliyoikimbia akiwa mgongoni mwa mama yake. Akaeleza kwamba kwao kumetulia, wakimbizi wote warudishwe. Alisema vizuri mno, maana mshindi wa kura angesomeshwa chuo kikuu bure.

"Mheshimiwa balozi, hata mimi Muha wa hapa hapa nafunga virago!" rafiki yake alimtania. Ukumbi ukacheka.

"Wanaokubali warudishwe, mikono juu," mwenyekiti akasema. "Na wazazi mpige kura."

Ishimwe akatazama viti vya nyuma.

Mama yake alikuwa amenyoosha mkono wa kulia, wenye vidole vitatu. Viwili vilikatwa siku waliyokimbia. Mwenyewe hupenda kutania kwamba aliviacha vilinde shamba.

Ishimwe akamtikisia kichwa, ashushe. Hakuhisi kitu, ila kijiti cha kibendera kilichomchoma kiganjani.

Mama akasimama, mkono ungali juu.

"Mwenyekiti, na huu umeuona?"