Sauti Kutoka Jukwaani

Mkoa mzima hakuna mtangazaji wa mpira aliyemshinda huyu, na hilo nalisema bila kupepesa macho. Redio ya mpira mkoani ni moja, na mtangazaji ni yeye peke yake, lakini tusianze kuharibia watu sifa.

"Wapenzi wasikilizaji, jua la hapa uwanjani leo halina huruma," alisema, huku kiyoyozi cha studio kikimpuliza shingo.

Mtunza jezi wa timu ndiye aliyekuwa akimsimulia mchezo kwa simu. Kelele za mashabiki zilitoka kwenye kompyuta ya fundi mitambo. Ndivyo alivyotangaza msimu mzima, na kila Jumamosi mama yake alipomwombea aende salama uwanjani, aliitikia amina, kisha akaelekea studio.

Wakati wa mapumziko, simu yake nyingine iliita. Alikuwa mama.

"Baba, leo nimesema nije nikuone kazini. Nimepanda basi na goti langu hili hili. Uko wapi?"

Fundi mitambo akajitia kufuta kipaza sauti kilichokuwa safi.

"Niko jukwaani juu, mama. Wewe usipande, ngazi zile mbaya. Kaa hapo kivulini, nikimaliza nitashuka."

"Nimeshapanda, baba," alisema mama, bado akihema. "Nimekaa kwenye kiti chenye jina la redio yenu. Mlinzi kanifutia vumbi."