Gundi ya Haraka

"Hiyo ni ya kandambili, wifi," dada wa mumewe alimwambia Mama Kibonge alipomwona na gundi ya haraka. "Chuma kikipata joto kinatanuka, na kioo hakikifuati. Tumia ile ya mirija miwili, uichanganye, uiache mpaka kesho."

"Na leo sahani tuweke mapajani?"

Mama Kibonge akatia matone kwenye miguu ya chuma, akalaza kioo cha meza juu yake. Kikashika papo hapo, naye akajipiga kifua.

Mchana jua la dirishani liliichoma ile miguu. Akaisukuma meza kidogo kuelekea ukutani ili afagie, asijue kwamba mwanawe ametambaa chini yake.

Kioo kikaachia. Ukingo mmoja ukagota sakafuni, mwingine ukaegemea ukuta, kikasimama mshazari juu ya mtoto kama paa.

Hakikupasuka. Mama aliinama, ufagio mkononi. Kibonge alikuwa amebandika midomo kwenye kioo kwa ndani, na pumzi yake ikachora ukungu mweupe uliokua, ukafifia, ukakua tena. Mama hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, wala cha kutisha namna ile.

Kisha mtoto akainua viganja ili asukume.

"Wifi," mama aliita polepole, asimshtue, "njoo ushike upande huo."