Mara Nne ya Wastani wa Taifa

Kwenye benchi la zahanati, kinyozi alisinzia katikati ya kueleza kwamba hapati usingizi. Mkaguzi wa dawa akamgusa bega.

"Samahani, bosi," kinyozi alisema, akijifuta mdomo. "Tulifika wapi?"

"Kwenye vidonge."

Zahanati ile ilikuwa ndogo, ya daktari mmoja na nesi mmoja, lakini iliandikia watu vidonge vya usingizi mara nne ya wastani wa taifa. Mkaguzi alitumwa kutafuta sababu. Kama asingeipata kabla ya jioni, angeifunga zahanati. Moyoni alikwisha kata shauri: daktari na muuza dawa lao moja.

"Hulali tangu lini?"

"Tangu zahanati ifunguliwe."

Mkaguzi akatabasamu. Kumbe dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa!

Akafuata fundi cherehani, macho mekundu kama pilipili. Juzi alikuwa ameshona mkono wa shati kwenye suruali ya shemeji yake.

"Dada, daktari anawalazimisha kumeza vidonge?"

"Yule? Hana baya! Alinizalisha mapacha, mmoja katanguliza miguu, na wote wazima. Kabla yake wagonjwa tulikuwa tunawasukuma kwenye mkokoteni. Ukimwondoa huyo, kaka, utatuzika wewe?"

"Basi nini kinakunyima usingizi?"

Fundi akatazama sakafu. "Uzee."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

Mkaguzi akaenda kwa muuza dawa ili amkamate kwa maswali. Akamkuta amelala juu ya meza yake ya duka, kashika vidonge vyake mwenyewe mkononi. Njama ikamfia hapo hapo.

Akarudi zahanati, akaingia chumba cha daktari, akaweka kofia yake juu ya sanduku jeusi lililokuwa juu ya kabati. Daktari, pande la mtu mwenye kifua kama pipa, alikuwa karibu kulia.

"Bwana mkaguzi, naapa sijui. Nimewapima mpaka kucha. Nimewakataza chai ya jioni. Mimi mwenyewe naishi hapa hapa nyuma, na nikilala nalala fofofo!"

"Lakini wastani wa taifa, daktari..."

"Mzee," nesi akadakia, "huo wastani wa taifa haujawahi kulala mtaa huu."

Dirishani nyuso zilikuwa zimebanana, macho mekundu, zikimwomba bila kusema. Mkaguzi alikuwa mkali, lakini hakuwa jiwe.

"Basi. Zahanati haifungwi."

Makofi yakalipuka, yakamwamsha kinyozi. Daktari akamkumbatia mkaguzi mpaka mbavu zikalia.

"Basi la mwisho limeshaondoka. Utalala kwangu! Chumba chako na changu ukuta ni mmoja, hutajisikia mpweke."

Nesi akamtilia mkaguzi vidonge viwili kiganjani, akamfunga vidole.

"Vya nini? Mimi nalala vizuri."

"Najua, mzee," nesi akasema kwa huruma. "Pole."

Daktari akaiondoa kofia ya mgeni kwa heshima, akafungua sanduku jeusi, akatoa tarumbeta na kulifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Nesi, waambie majirani wasiwe na wasiwasi," akasema, uso ukimng'aa. "Kwa furaha niliyo nayo leo, nawapigia mpaka alfajiri."