Jiko la Ukuta wa Katikati

Fundi Mwasaga aliugonga ukuta wa katikati kwa konde, akasema majiko mawili ya chuma yangemaliza kuni kabla baridi haijaisha. Jiko moja la matofali, likijengwa ndani ya ukuta huo, lingepasha vyumba vyote viwili kwa miaka thelathini.

"Ila mdomo ni mmoja," alisema. "Mmoja wenu ndiye atakayekoka moto."

Sekela hakutulia. Alikwenda dirishani, akarudi, akakaza shali mabegani. Tangu mume wao azikwe, yeye na mke mwenzake, Subilaga, waliishi kila mmoja upande wake wa ukuta ule, bila hata salamu. Leo wamekutanishwa na baridi tu, chumbani mwa Sekela. Sasa joto lake litoke mkononi mwa Subilaga? Na siku akinuna, asikoke?

"Tujengee mawili," alimwambia fundi.

Subilaga, aliyeketi kwenye kigoda, akakohoa. "Mdomo uwe upande wake. Mimi magoti yamekwisha, siwezi kuinama."

Sekela akamgeukia. "Dada, unaniamini?"

"Kukuamini, sijui. Baridi ndiyo ninayoijua."

Fundi akatoa chaki. Sekela akaichukua, akapiga magoti, akachora mlango wa jiko karibu na sakafu. Akautazama, akaufuta kwa kiganja. Akasimama, akauchora upya usawa wa kiuno.

"Njoo upime kama mkono wako unafika," alisema bila kugeuka.

Nyuma yake kigoda kililia, na Subilaga akaanza kunyanyuka polepole, ameshika bega la fundi.