Habari Iliyokataa Kuzama

Ilikuwa imepanda tena. Jana ya nne, leo ya kwanza.

Corinne Hostetler alilitafuta jina lake kwenye Google ya simu mara ya tatu asubuhi ile, akitumaini simu imekosea. Haikukosea. Juu kabisa: "Mlezi akamatwa, mtoto asahauliwa ndani ya gari." Na picha yake, nywele timutimu, macho mekundu.

Mahakama ilimwachia baada ya wiki tatu. Dereva wa gari hilo ndiye aliyemsahau mtoto. Gazeti la mji halikuandika hilo. Miaka sita habari ile ilizama taratibu hadi ukurasa wa tano wa Google, mahali asipofika mtu, na Corinne akaanza kupumua. Akaomba kazi kwenye shule ya chekechea. Usaili ulikuwa kesho, Alhamisi, na huku Ohio jina lako hufika ofisini kabla yako.

Tangu Jumapili hakufungua mapazia. Dukani mwanamke alikuwa amemtazama, akamtazama mwanawe mwenyewe, akamvuta mtoto mkono.

"Kula, mwanangu," mama yake, Verlene, alisema, akimsogezea tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda. "Watu wengi wanakuombea. Hata wasiokujua."

"Na mmoja ananichimbia kaburi, Mama. Brent huyo."

Brent alikuwa mchumba wake, aliyemkimbia wiki ile ile ya kukamatwa. Nani mwingine?

"Wewe na Brent wako!" Binamu yake Marcy alicheka, akiweka kompyuta mezani. Kazi yake ilikuwa kuyafanya maduka ya watu yaonekane mtandaoni. "Yule hata kufunga kamba za viatu anasahau. Ataweza haya?"

"Basi nani? Habari ya miaka sita haipandi yenyewe."

"Hapo umesema. Sikia, Kori. Mtu akiweka linki Facebook, hiyo peke yake haipandishi kitu. Lakini watu wakiiona huko, wakaichukua, wakaiweka kwenye tovuti zao, tovuti za siku nyingi zinazoaminika, hapo sasa! Kila moja ni kama kura. Na wewe kuna mtu anakupigia kampeni kweli kweli."

Verlene akashika kifua. "Mtu gani mwenye roho mbaya hivyo? Mfute, Marcy!"

"Shangazi, mtandao si ubao wa darasani."

"Kesho watanifungia mlango," Corinne alisema. "Nikiikosa hii, hakuna atakayeniachia mtoto wake tena."

 Marcy alikuwa akihesabu kwa kidole kwenye kioo. "Tovuti thelathini na moja. Zote za wiki hii." Akakunja uso. "Ajabu. Zote ni za makanisa."

Akafungua ya kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, "Wapendwa katika Bwana," kisha akainua macho.

Corinne akaigeuza kompyuta, akamalizia mwenyewe.

"…mwombeeni binti yangu Corinne, mwenye usaili Alhamisi, Mungu aizike habari hii ya uongo isionwe na mtu yeyote. Bonyezeni hapa muisome, halafu muitume na kwa makanisa mengine."