Kabla Posa Haijajibiwa

Kwetu posa haijibiwi mpaka shangazi akague programu zilizomo kichwani mwa mchumba. Kwa hiyo washenga walipokuwa wakizungumza sebuleni, shangazi Nambua alikuwa nami jikoni, skrini nyeusi ameiegesha kwenye kopo la chumvi, akiandika amri ya ukaguzi na jina la mchumba wangu, Mbonea.

"Uvumilivu, toleo la nne, umetunzwa vizuri," alisoma. "Wivu upo, lakini mdogo. Mwanangu, hapa hatujaokota garasa!"

Nilicheka, nikamwomba anikague na mimi.

"Wewe wa nini? Bibi harusi hakaguliwi."

Nikaivuta kibodi, nikaandika jina langu, kisha neno penzi. Majibu yakashuka mstari kwa mstari.

Penzi kwa Mbonea. Halikuombwa na mwenyewe. Limewekwa kwa kuwa programu ya Ndoa haifanyi kazi bila hilo. Aliyeidhinisha: Nambua.

Shangazi alianza kufuta meza iliyokuwa safi. "Usinitolee macho, Nakijwa. Ulikuwa ukimkimbia kijana wa watu. Hata mimi langu niliwekewa hivyo hivyo, na mbona nimekaa?"

"Liondoe."

Aliandika amri bila kubisha. Swali likatokea: Liondolewe? Ndiyo au hapana.

"Bonyeza mwenyewe," alisema kwa huruma.

Niliinua mkono nikiwa na hakika, nikauona ukibonyeza hapana, polepole, kwa upole. Papo hapo furaha ikanijaa kifuani, na sikujua ni ya nani.